Tukaze bolti kwa kipimo: wito kwa wananchi wa Kirotshe

Wananchi wenzangu wa Kirotshe, wa Sake, Shasha na Bweremana, nanyi wa milimani kuanzia Mushaki mpaka Walikale, leo ninaomba tuzungumze juu ya bolti.

Nani kati yetu anaishi bila pikipiki? Hata asiyekuwa nayo anaitegemea. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, ni motari anayempeleka hospitali kuu ya Kirotshe. Chanjo za watoto hufika vijijini ndani ya sanduku la baridi lililofungwa nyuma ya kiti. Sambaza za ziwani, maharagwe, viazi, jibini ya Masisi, vyote hupanda pikipiki kabla ya kufika sokoni. Vijana wetu wengi ambao vita viliwakatisha masomo, riziki yao inatoka kwenye magurudumu mawili.

Nyingi ya pikipiki hizo zimetengenezwa China, nyingine India. Bila bei yake nafuu, wengi wetu tungekuwa bado tunabeba mizigo mgongoni. Lakini hebu tufikirie safari yake. Mara nyingi pikipiki hutoka kiwandani ikiwa imefunguliwa vipande, ikapakiwa ndani ya kasha, ikavuka bahari na kupanda lori hadi huku kwetu. Magurudumu, usukani, kiti, vioo, vyote hufungwa na fundi wa hapa. Maana yake, fundi wetu ndiye anayemalizia kazi ya kiwanda. Je, tumempa kipimo cha kufanyia kazi hiyo, au tumemwachia nguvu za mkono wake peke yake?

Halafu njia zetu mnazijua. Huku ni mawe ya volkeno, kule ni matope ya Walikale yanayomeza gurudumu nusu, na kati yake ni miteremko. Injini inatetemeka, njia inatikisa, mzigo unakandamiza. Kila mtikisiko unajaribu kuilegeza nati. Kitabu cha pikipiki mpya kwa kawaida kinaagiza bolti zikaguliwe mapema sana, kwenye kilomita 500 au 1,000 za kwanza, na waliokiandika walikuwa wanafikiria barabara ya lami. Sisi wa hapa tungoje nini?

Sasa, kukaza ni nini hasa? Wengi tunadhani bolti hushika kwa sababu imezungushwa mpaka imegoma. Sivyo. Bolti ikikazwa inavutika kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakobana vyuma viwili pamoja. Ni sawa na kauchu tunayofungia mizigo kwenye karia: usipoivuta, gunia linacheza, ukiivuta kupita kiasi inakatika, au inachoka na kubaki imelegea siku zote. Bolti iliyokazwa kwa hasira imeumizwa tayari, ingawa kwa macho inaonekana imara.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu vijana wangefurahi kulijua. Nguvu unayoitia kwenye spana, karibu sehemu 9 kati ya 10 huishia kwenye msuguano, yaani chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno yake. Sehemu moja tu ndiyo inayoivuta bolti yenyewe. Kwa hiyo meno yakiwa na kutu na mchanga, utahisi imekaza kumbe haijabana kitu. Na ukiyapaka grisi kisha ukavuta kwa nguvu ileile, utaivuta bolti kupita kiasi. Ndiyo sababu usafi unatangulia nguvu. Brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa kidogo ya kuoshea, kisha acha ikauke, isipokuwa pale kitabu kinaposema bolti fulani ipakwe mafuta.

Vipimo vyenyewe ni vipi? Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni mita, na vitabuni huandikwa kwa herufi N·m. Vitabu vya zamani vinatumia kgf·m, na hiyo moja ni karibu nyutoni mita 10. Kwa bolti za kawaida ambazo hazikutajwa peke yake, vitabu vya ufundi vya Honda hutoa vipimo hivi: bolti yenye unene wa milimita 6, nyutoni mita 10; ya milimita 8, nyutoni mita 22; ya milimita 10, kama 34; ya milimita 12, kama 54. Angalieni kwamba huo ni unene wa bolti, siyo namba ya spana. Bolti ya milimita 6 hufunguliwa kwa spana namba 10 au namba 8, ya milimita 8 kwa namba 12 au 13, ya milimita 10 kwa namba 14 au 17.

Kwa nini ninataja Honda wakati tunazungumza juu ya pikipiki za China? Kwa sababu injini nyingi tunazopanda zimefuata ramani ya Honda CG125, iliyotolewa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako barabara ni ngumu na fundi yuko mbali. Viwanda vya China, vingi vikiwa katika mji wa Chongqing, viliichukua ramani hiyo na kuizalisha chini ya majina mengi sana. Hata hivyo, kitabu cha pikipiki yako kikisema namba tofauti, fuata kitabu chako. Vipimo nilivyotaja ni vya kutumia pale ambapo hakuna kitabu, wala havihusu nati za ekseli, ambazo hudai nguvu kubwa zaidi.

Nawasikia mkiuliza: spana ya kupimia mkazo tutaipata wapi sisi? Ni kweli, bei yake si ndogo. Lakini nendeni sokoni kwa mama anayeuza nyama au maharagwe, mwombeni kwa heshima mizani yake ya ndoano, ile ya kuning'iniza. Chukua spana ya kawaida, funga uzi mgumu mahali penye umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, tia ndoano ya mizani kwenye uzi huo, kisha vuta polepole, mizani ikiwa imesimama pembemraba na spana. Mshale ukifika kilo 11, umefika nyutoni mita 22. Hapo bolti ya milimita 8 imepata haki yake.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha nyutoni mita mara 10, ugawe kwa urefu wa spana kwa sentimita, unapata kilo. Bolti ya milimita 6 kwa spana ya sentimita 10 ni kilo 10. Nati ya ekseli ambayo kitabu kinaitaka nyutoni mita 60, kwa spana ya sentimita 30, ni kilo 20. Mtoto wa darasa la 6 anaiweza. Na kwa nini asipewe hiyo kazi? Mpe kalamu akufanyie hesabu huku wewe unavuta. Atajua kwamba hesabu za shule zina kazi nyumbani.

Fanyeni hivyo mara 10 au 20, mtaona mkono unaanza kujua wenyewe. Wengi watashangaa jinsi kilo 10 kwenye spana fupi zilivyo kidogo. Bolti nyingi za milimita 6 kwenye ubavu wa injini hung'oa meno ya matundu yake kwa sababu sisi wanaume tunazivuta kama za lori. Ubavu ule ni alumini, chuma laini. Tafadhali, bomba la kurefusha spana lisikaribie bolti hizo ndogo.

Kuna sehemu moja ambayo ningependa kila motari aishike kwa vidole vyake leo jioni. Nenda kwenye gurudumu la nyuma. Kama breki yako ni ya ngoma, utaona fimbo bapa ya chuma inayotoka kwenye mkono wa gurudumu hadi kwenye sahani ya breki. Kazi yake ni kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Inashikiliwa na bolti moja kila upande, na nati yake inapaswa kuwa na pini ya kuifungia.

Je, pini ipo? Mara nyingi utakuta imeanguka zamani na hakuna aliyejua, au mahali pake pamewekwa msumari uliokunjwa, au waya. Na nati hiyo ikitoka, haitakuonya kwa sauti yoyote. Utakuwa unashuka Mushaki kuelekea Sake, una abiria na mzigo, unakanyaga breki: sahani inazunguka na gurudumu, inavuta vyuma vya breki na kuvikunja, na gurudumu linaweza kugoma ghafla. Pini yenyewe ni kipande cha waya laini kinachouzwa kwa bei ndogo sana. Wazazi wenye watoto kwenye njia, mkague pini hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya hiyo, angalia nati za ekseli zote mbili, bolti zinazoshika injini kwenye fremu, bolti za usukani, na zile za karia. Karia ya Masisi inabeba kuliko ilivyokusudiwa, sote tunajua, na maisha ndiyo yanayotaka hivyo. Basi walau bolti zake ziangaliwe kila wiki.

Kuna njia rahisi ambayo akina mama na dada watatusaidia. Ukishakaza bolti kwa kipimo, omba rangi ya kucha. Chora mstari mmoja mwembamba uanzie juu ya nati, ushuke mpaka kwenye chuma kilicho chini yake, uache ukauke. Siku nati ikisogea hata kidogo, mstari utakatika vipande viwili visivyokutana. Huna haja ya spana wala ya fundi kuliona hilo. Asubuhi, kabla baba au kaka hajawasha pikipiki, mtoto anazunguka anaangalia mistari: huu mzima, huu mzima, huu umekatika. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mafundi wa ndege huchora alama za namna hiyohiyo kwenye nati zao.

Mafundi wapendwa, ninyi mnaoketi kwenye mafuta na vumbi tangu asubuhi, nina maombi mawili kwenu. La kwanza ni kulasi, yaani kichwa cha silinda. Kazeni nati zake injini ikiwa baridi, kwa msalaba, nati moja na ile inayoitazama upande wa pili, na kwa awamu tatu: kidogo zote, kisha zaidi zote, kisha kipimo kamili. Ukiimaliza moja kabla ya kuigusa nyingine, kulasi inapinda kidogo, gasketi inavuja, na mteja anarudi wiki inayofuata akidhani umemwibia, wakati ulifanya kazi yako kwa moyo wote.

Ombi la pili ni buji, yaani plagi ya injini. Iingize kwa vidole mpaka ikae, bila spana. Kama ni mpya na ina washa yake, ile tunayoiita rondeli, tia spana uizungushe nusu mzunguko, basi. Kama ni ya zamani, robo mzunguko au pungufu inatosha. Meno ya buji kwenye kulasi yakiliwa, kulasi nzima inaweza kupotea, na hiyo ni pesa ya wiki nyingi za motari. Ile washa ya shaba kwenye bolti ya kumwagia mafuta ya injini nayo ina maisha ya pili: ichomeni motoni mpaka iwe nyekundu, iacheni ipoe, italainika na kuziba tena bila kuhitaji nguvu za ziada.

Wauzaji wa vipuri wa Sake na Kirotshe, nanyi mna nafasi kubwa katika jambo hili. Kichwa cha bolti huwa na namba: 4.8, 8.8, 10.9. Namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi. Bolti ya 4.8 inafaa kushika kifuniko, haifai kushika injini wala breki. Mteja akija na bolti iliyokatika, mnaweza kumwambia, "Papa, hii ilikuwa 8.8, nikupe 8.8"? Atalipa faranga chache zaidi na atafika nyumbani. Na mkipata nati zenye pete ya nailoni ndani, mwambieni mnunuzi kwamba zikifunguliwa mara kadhaa ile pete inalegea, zibadilishwe.

Tena kuna shida ya kujua pikipiki ni ya aina gani. Jina kwenye tangi hubadilika kila mwaka, na kipuri chenye jina hilo kinakosekana. Lakini inama uangalie chini, kwenye ubavu wa injini, kuna herufi zilizogongwa kwenye chuma. Ukikuta 156FMI, soma hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa na upepo wa njia, M ni pikipiki, I ni ukubwa wa cc 125. Ukikuta 162FMJ, ni ya 150. Zile skuta za magurudumu madogo, ambazo huonekana zaidi mijini kuliko kwenye mawe yetu, huwa na 139QMB kwa 50 au 157QMJ kwa 150. Ile Q inamaanisha injini inapozwa na feni yake. Kwa herufi hizo unaweza kutafuta pistoni, gasketi au buji Goma, Bukavu hata Kampala, jina la tangi liwe lolote. Ila beba kifaa cha zamani mkononi mlinganishe.

Ndiyo maana ninaomba kila nyumba yenye pikipiki iwe na daftari dogo. Andikeni ndani yake herufi za injini, namba ya fremu, tarehe ya kubadili mafuta, bolti zilizobadilishwa na kipimo cha kila moja. Daftari likae nyumbani, lisizunguke na pikipiki, ili siku kijana mwingine akiichukua, au fundi akihama, habari zisipotee. Katika miaka hii tumehama sana, na mengi yaliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja yalipotea pamoja na safari yake.

Na vile vitabu vinavyokuja ndani ya kasha, viko wapi? Vingi vimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza, basi vinaishia kufungia karanga. Msivitupe. Namba hazina lugha: tafuta ukurasa wenye N·m nyingi, hapo ndipo vipimo vilipo. Walimu wetu wa sekondari na wanafunzi wa shule za ufundi, mnaojua Kifaransa na Kiingereza kidogo, hamwoni hii ni kazi nzuri ya mchana mmoja? Andikeni jedwali hilo kwa Kiswahili kwenye kartoni, kwa mwandiko mkubwa, mlipeleke kwenye parkingi ya wamotari mlitundike.

Parkingi nayo inaweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja halimudu. Sisi tunajua likelemba. Tunajua MUSO na AVEC, vikundi vyetu vya kuweka akiba pamoja. Tumenunua kwa njia hiyo mbuzi, mabati, cherehani. Je, wamotari 20 wa parkingi moja watashindwa kuchanga kidogo kidogo mpaka wapate spana moja ya kupimia mkazo? Akabidhiwe fundi mmoja wanayemwamini, iwe ya wote. Nina ombi dogo kuhusu utunzaji wake: ikimaliza kazi irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa, kwa sababu ndani yake mna springi inayochoka, na isitumike kamwe kufungulia nati zilizogoma. Na mizani ya mama wa sokoni irudishwe ikiwa safi.

Ninyi wenye pikipiki ambao mnampa kijana aendeshe na kuwaletea malipo ya siku, mpeni nusu saa kwa wiki ambayo haihesabiwi. Nusu saa hiyo atakagua bolti. Mkimuuliza jioni, "Umeleta ngapi?", ongezeni swali moja: "Mistari yote mizima?" Ataona kwamba mnamjali yeye kabla ya mashine.

Na sisi abiria? Kabla ya kupanda, mwulize motari kwa upole, "Mwanangu, nati za nyuma umeziangalia?" Wengi watafurahi. Akisema anahitaji dakika tano aangalie, mpe hizo dakika, na umshikie taa ya simu kama giza limeingia.

Jumamosi tunatoka kwa salongo, tunafagia, tunazibua mifereji. Ninapendekeza Jumamosi ijayo, kazi ya salongo ikishaisha, wenye pikipiki wabaki mahali pamoja, mafundi walete spana zao, mwalimu alete kartoni yake, mama mmoja alete mizani na mwingine rangi ya kucha. Tuanze na ile fimbo ya breki ya nyuma. Pini zinunuliwe za ziada, ziwekwe kwenye kikopo, asiyekuwa na pesa siku hiyo apewe yake.